Dada Haachii Pakiti

Jumatatu, 4 Mei
Foleni imefika kwa fundi viatu. Watu hamsini, mita moja moja, barakoa usoni. Hospitali imejaa wagonjwa wa mlipuko huu wa homa na kikohozi, kwa hiyo kila mwenye hofu anaileta kwenye dirisha la dada yangu mfamasia. Na dada ana mtindo wake: anakunyooshea pakiti ya dawa lakini haiachii mpaka umrudishie maelezo yote kwa mdomo wako. Mnavutana kama watoto! Duka la ng'ambo ya barabara wanahudumia chapuchapu. Tunaaibika. Nina mpango.

Jumatano, 6 Mei
Dada kaenda kupokea mzigo wa dawa. Akaniachia pakiti alizokwisha kuziandika majina, nizigawe kwa utaratibu wake. Nikavaa koti lake jeupe. Linanibana kwapani, lakini mtu wa kwanza kaniita daktari! Sikumsahihisha. Utaratibu wa kurudia maelezo nikaufuta. Shika, nenda. Saa moja tu, foleni kwisha! Hata shangazi yetu, aliyetulea, nilimpa vidonge vyake vya presha bila maswali. Alitaka kuniuliza jambo. Nikamwambia asizuie watu.

Ijumaa, 8 Mei
Kila Ijumaa dada huwapigia simu wazee wote anaowahudumia. Shangazi hakupokea. Dada akaacha dirisha wazi, akatoka mbio, nami nyuma. Tulimkuta sakafuni jikoni, presha imeshuka, sauti haitoki. Dada akamwinua miguu, akaita gari la wagonjwa. Jirani aliyekuja kuchungulia akakiri: kumbe alimwambia shangazi vidonge vya presha vinakinga ugonjwa huu, ameze vitatu kwa siku badala ya kimoja. Hilo ndilo alilotaka kuniuliza shangazi juzi. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilimshika mkono nikalia mpaka barakoa ikalowa.

Jumamosi, 9 Mei
Shangazi yu hai. Ameomba uji. Dada hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema tu kwamba mtu akirudia maelezo kwa mdomo wake, ndipo na yale aliyoyasikia kwa jirani hutoka. Sauti yenyewe imemkauka kwa kusema wiki nzima. Nimeapa. Nimekoma.

Jumanne, 12 Mei
Homa. Kikohozi. Nimetengwa chumba cha nyuma. Dada kaninyooshea pakiti dirishani, kaishikilia. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtu wa dukani, maelezo nayajua. Hakuachia. Haya, nikarudia: vidonge vitatu, mara moja kwa siku. Kumbe kimoja, mara tatu! Tukavutana upya. Mara ya nne nikapatia.

Nimelala nikitafakari. Mpango wangu ulikuwa mzuri, ila ulikosa nafasi. Nikipona nitamshawishi dada tufungue madirisha mawili: lake la wanaorudia maelezo, langu la wenye haraka. Koti nitampelekea fundi cherehani alipanue kwapani.