Jani la Vyura Juu ya Mtungi wa Mkwe

Gikondo, Jumapili, 1992

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya mkwe. Na nilijitakia mwenyewe.

Mnajua nafundisha biolojia. Alhamisi nilishuka bondeni, nyuma ya magereji, nikachuma jani la tete lenye mayai ya vyura. Vyura hawa wadogo hawatagi majini. Hutaga kwenye jani lililoinama juu ya maji, mayai yakiwa ndani ya ute. Viluwiluwi wakikomaa, ute hulainika, wanadondoka majini mmoja mmoja. Basi nikalining'iniza jani kwa kamba sebuleni, chini nikaweka beseni la maji, niwaonyeshe wanafunzi kesho. (Nilijiona profesa.)

Leo baada ya misa, babake Speciosa, fundi cherehani wa Nyakabanda, alikuja kuona ninapoishi kabla ya kunikubalia bintiye. Dada yangu Dafroza alikuwa ameandaa mtungi wa pombe ya mtama. Akatafuta kona yenye ubaridi, akaondoa beseni, akaweka mtungi palepale. Jani hakuligusa. (Mimi nilikuwa chumbani napiga pasi suruali.)

Tukaketi kuuzunguka mtungi. Hapa kwetu mwenyeji lazima aonje kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Nikainama kushika mrija. Viluwiluwi wawili walikuwa wanaogelea kwenye povu.

Nikasita. Mzee akaona.

"Mwalimu, iko nini? Unaogopa pombe yako?"

"Hapana, mzee."

Ningesema nini? Nikizidi kusita, atadhani nimemwekea sumu, na Speciosa nimemkosa. Nikavuta. Kitu laini kikapanda mrija, kikapita kooni. Nikatabasamu. (Machozi nilisema ni ya furaha.)

Mzee akainamia mrija wake. Kiluwiluwi wa tatu akadondoka mbele ya pua yake. Akatazama juu, akaliona jani. Nikaeleza yote, matete, ute, beseni, jasho likinitiririka. Dafroza alikimbilia jikoni, nikamsikia anacheka.

"Sasa wewe uliona hii mutoto ya chura, na ulikunywa?"

"Niliona, mzee."

"Juu ya nini?"

"Usije ukadhani ni sumu."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mutu anameza chura sababu ya mimi, nitamunyima mutoto namna gani? Dafroza, leta bia ya chupa."

Nimefurahi, sifichi, ingawa tumbo bado linanitia wasiwasi. Ila Speciosa hajaambiwa. Naomba aisikie habari hii baada ya kiapo cha kanisani, si kabla.