Jua Lililoishiwa Mafuta

Mheshimiwa, tarehe tisa mwezi huu, saa saba na robo mchana, jua likiwa utosini, nilipoteza mayai mia tano ishirini na nane yaliyokwisha kaa siku kumi na nane ndani ya mashine ya kutotolesha, yakiwa yamebakiza siku tatu yawe vifaranga. (Minong'ono.) Naam. Mnashangaa kwa nini nimeanza na mayai kabla ya itifaki. Nimeanza nayo kwa sababu karatasi hii ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye faili langu, ina muhuri wa ofisi yangu, na mimi karatasi yenye muhuri naisoma yote mpaka nukta ya mwisho, siruki mstari. Nidhamu hiyo ndiyo iliyonifikisha mimi hapa nilipo, na ndiyo iliyowafikisha ninyi hapo mlipo. (Kicheko upande wa nyuma.) Ukurasa wake wa pili siuoni, bila shaka tutaukuta mbele ya safari. Basi tusimame dakika moja kuyakumbuka mayai. (Watu wanasimama. Mama wa vifaranga, mwenye mayai, anabaki amekaa, trei mbili za mayai mapya mapajani.) Tuketi.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya kuwapokea waheshimiwa. Mheshimiwa makamu wake, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu, na wasaidizi wa wasaidizi mliobeba maji ya kunywa. Wadau wa nishati na wadau wa kivuli, maana nawaona mmejibanza ukutani. Mke wangu mpenzi, na mama mkwe aliyekubali kuja baada ya kuhakikishiwa usafiri. Ndugu wananchi wenye viti na ndugu wananchi msio na viti: itifaki imesimama pamoja nanyi. (Makofi ya viti vya mbele.)

Ndugu zangu, leo tunazindua rasmi Mradi Jumuishi wa Umeme Jua kwa Majumba na Biashara, Awamu ya Kwanza, Kipengele Kidogo cha Pili, ambao kwa kuzingatia upembuzi yakinifu, mkakati shirikishi, kepasiti bildingi na fidibeki ya mastekiholda, tuliuwasha kwa majaribio tarehe mosi, na ambao hadi sasa, kwa takwimu nilizoziandaa mwenyewe bila kumsumbua mtu, umewafikia asilimia mia moja na kumi na nne ya wakazi wa mtaa huu. (Sauti: "Hao kumi na nne waliozidi ni akina nani?") Ni wageni wenu, mzee. Tumewahesabu na wageni, sisi si wachoyo. (Makofi na miluzi.)

Sasa, kwa wale ambao hamkubahatika kupata semina ya siku tano niliyoipata mimi, sistimu ya umeme jua ni kama familia. Kuna paneli, ambayo ni baba: inakaa juu ya paa, kila mtu anaiona, na haishuki kusaidia kazi nyingine. Kuna kidhibiti chaji, ambaye ni shangazi, kazi yake kumzuia betri asivimbiwe. Betri ni bibi, anaweka akiba ya mchana ili usiku msilale na giza. Na inveta ni mama, anayepokea chochote kilicholetwa na kukigeuza kuwa kitu kinachofaa kutumika nyumbani. Mkiielewa familia hii mmeelewa nishati jadidifu yote, na kilichobaki ni vyeti. (Mama mkwe anatikisa kichwa kukubali. Sauti: "Baba tunamwona juu ya paa. Bibi yuko wapi?") Bibi amesafiri. Betri zipo njiani, zinakuja kwa awamu, na kwa kuwa tumeanza na mchana, tatizo la usiku tutalikabili likifika.

Najua pia kuna maneno ya mtaani kuhusu ule mvumo uliokuwa ukisikika nyuma ya stoo ya ofisi yangu. Nitaufafanua kitaalamu. Miale ya jua inaposhuka kutoka juu kwa kasi kubwa na kuingia kwenye waya mwembamba, inasuguana, na inaposuguana inavuma. (Sauti: "Na ule moshi?") Ule ni mvuke wa jua. (Sauti nyingine: "Mbona ulinuka dizeli, bosi?") Kaka, wewe umewahi kulinusa jua kwa karibu? Basi tuwaachie waliosoma. (Kicheko kirefu. Dereva wa ofisi, aliyekaa karibu na jukwaa, anatazama viatu vyake.)

Naona mama wa vifaranga amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, lakini kwa ufupi. (Mama wa vifaranga: "Mashine yangu inakula wati mia moja na hamsini, saa ishirini na nne. Hiyo ni wati-saa elfu tatu na mia sita kwa siku. Wewe una paneli kumi na mbili za wati mia tatu mia tatu. Tukilihesabia jua kali saa tano tu kwa siku, zinaleta wati-saa elfu kumi na nane. Mimi nakula moja ya tano, na mimi peke yangu ndiye niliyeunganishwa. Sehemu nne zilizobaki zilikwenda wapi, na umeme ulikatikaje mchana kweupe?") Dada yangu, hesabu ni nzuri, hongera sana. Ila hesabu bila mchakato inaleta taharuki. Swali lako ni la wataalamu, na wataalamu wapo semina. (Mama wa vifaranga: "Siku ile ofisini kwako niliambiwa jua limechoka, nilisubiri lipumzike.") Na kweli lilipumzika, dada, ndiyo maana leo linawaka vizuri hivi. Rudisheni kipaza sauti. (Kicheko. Mama mkwe hacheki.)

Nisiwachoshe. Mimi nilianza maisha na kalamu moja, leo ninazo nne, na zote naziweka mfuko wa mbele mzione. Nimeahidi paneli kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwa muuza juisi mwenye friji, na kwa kila nyumba yenye paa. Zisizo na paa zitapata paneli kwanza ili ziwe paa. (Makofi.) Tuseme pamoja. Jua ni letu. (Watu: "Ni letu.") Joto ni letu. (Watu: "Hilo tunalo.") Mwanga mbele. (Watu: "Bibi yuko wapi?") Asanteni.

Namalizia na shukrani, na hapa katibu muhtasi wangu, ambaye nimejua leo kuwa ni wifi yake mama wa vifaranga, amenipa karatasi ya mwisho. Ina muhuri. Inaendelea hivi.

Nakushukuru, mheshimiwa, kwa kunitunzia jenereta yangu, uliyoichukua tarehe mosi kwa ajili ya uhakiki. Jana nilipanda ngazi juu ya paa lako. Nilikuta paneli kumi na mbili za plaiwudi, zimepakwa rangi ya bluu na kuchorwa mistari myeupe. (Fundi rangi, akisimama: "Mistari ile nilitumia rula, mheshimiwa. Niliambiwa ni za picha.") Kaa chini, fundi, sijafika nukta. Nilifuata waya unaoshuka kutoka kwenye mbao hizo, ukapita dirisha la stoo, na mwisho wake nikaikuta jenereta yangu mwenyewe. Kwa siku tisa jua lako lilikuwa jenereta yangu, na tarehe tisa, saa saba na robo, jua liliishiwa... liliishiwa mafuta. (Dereva, kwa sauti ndogo: "Nilikuwa nimekwenda kula, bosi. Narudi, limeshazima.") Mashine ilikaa bila joto kwa muda wa saa kumi na moja, mpaka jua lako lilipowaka tena saa sita na robo usiku. (Mama mkwe: "Soma, mwanangu. Umesema huruki mstari.")

Ninasoma, mama. Sidai hotuba wala semina. Nina mayai mengine mia tano ishirini na nane, na leo yana siku ya sita tangu yatagwe. Yakipita siku saba bila kuingia kwenye mashine, yananifaa kwa kukaanga tu. Kwa hiyo nijibu kwa neno moja, mbele ya hawa hawa uliowahesabu pamoja na wageni wao: paneli zipo, au hazipo? Kama zipo, uniwashie. Kama hazipo, jenereta yangu iwe mlangoni kwangu, na mafuta ndani. Neno nalitaka sasa; umeme au jenereta, kabla ya saa nne kesho asubuhi.