Ombi la Kibali cha Kucheza na Walimu

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kitini, na mlango wa ofisi yako uko wazi. Mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na geti la shule yako. Nusu ya sketi za wanafunzi wako zimepita mikononi mwangu, na ile suruali yako ya kijivu uliyoniletea niiachie kidogo kiunoni nayo ilipita. Kwa hiyo mimi si mtu wa kukuandikia maneno ya barabarani. Pia ni mama wa mtoto wa darasa la tano ambaye nyumbani tunamwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa akiongea tangu anaamka mpaka usingizi unamkatiza katikati ya sentensi. Nasema alivyokuwa, kwa sababu siku hizi haongei.

Kabla ya ombi lenyewe, naomba nieleze yaliyotokea, tena kwa namba, maana siku ile ofisini uliniambia nachanganya mambo.

1. Mwezi uliopita Chiriku alianza kurudi nyumbani mbio. Hasalimii, havui begi, moja kwa moja chooni. Nikadhani ni tumbo. Nikampa dawa ya minyoo, na minyoo ya watu haina kosa lolote. Wiki ya pili akashikwa na homa. Daktari wa zahanati akampima, akavua miwani, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto anabana mkojo tangu asubuhi mpaka saa tisa. Shuleni kwao hakuna choo?" Nikajibu kwa fahari kwamba vipo vinane, vya matofali. Chiriku akaangalia sakafu.

2. Ilinichukua siku mbili kumtoa maneno. Kiranja wako wa usafi, binti wa darasa la saba, huwasubiri wadogo waingie chooni, halafu anasukuma komeo la nje. Wenzake wawili wanagonga mlango kwa mpini wa fagio na kuimba mpaka kengele ilie. Siku moja kengele ililia wakaondoka bila kufungua. Chiriku akakaa humo kipindi kizima cha hesabu, dakika arobaini. Alipofunguliwa na mama wa usafi, mwalimu wa hesabu alikuwa ameshamwandika mtoro. Adhabu yake ikawa kufagia vyoo, chini ya usimamizi wa kiranja wa usafi.

3. Nikaja ofisini kwako. Mlinzi akaniambia uko kikaoni. Kupitia dirishani nilikiona hicho kikao: wajumbe walikuwa wewe na gazeti. Hata hivyo ulinikaribisha, nashukuru. Ukasema, "Mama, hao ni watoto, wanacheza tu. Hata sisi tulipitia hayohayo, mbona tumekuwa watu?" Nilikuangalia vizuri, nikaona swali hilo nisilijibu.

4. Ukanipeleka kwa makamu wako. Yeye alikuwa na suluhisho la kitaalamu. Alisema, "Mpunguzie maji ya kunywa asubuhi."

5. Mwalimu wa darasa akawapatanisha Chiriku na kiranja. Aliwasimamisha mbele ya shule nzima, wakapeana mikono, shule ikapiga makofi. Kiranja, yule dada mkubwa, alimminya Chiriku vidole mpaka vikalia, huku anatabasamu. Mapumziko yalipofika Chiriku akafungiwa tena, safari hii kwa kosa la kusema.

6. Kamati ya shule nayo haikulala. Ilitundika bango: SHULE YETU HAINA UONEVU. Nafasi ilipatikana kwenye ukuta unaotazamana na vyoo vya wasichana. Chiriku anasema linasomeka vizuri kabisa kupitia tundu la hewa.

Sasa, Mwalimu, mimi sikusoma sana, lakini kitambaa nakijua. Ukikata upande mmoja, kata na wa pili, la sivyo nguo inakwenda upande. Kama kufungiwa chooni ni mchezo, na mchezo ni afya, basi ni dhuluma kubwa kuwaachia watoto peke yao. Sisi watu wazima migongo inauma, presha zinapanda, na hatuna anayetuchezesha. Kwa heshima zote, naomba kibali cha kucheza na wewe pamoja na walimu wako.

Jumatatu, kipindi cha pili, utaingia choo cha tatu kutoka mwisho, kile ambacho taa yake haiwaki. Komeo nitalisukuma mwenyewe. Kugonga kwa mpini wa fagio nimeshafanya mazoezi kwenye mlango wa stoo yangu, na majirani wamekiri nina kipaji. Kuimba siwezi vizuri, ila mama muuza mboga wa kibanda cha pili ana sauti ya kututosha wote. Kengele ikilia tutakwenda zetu kunywa chai. Siku hiyo hiyo Afisa Elimu atakuwa amealikwa, na atakukuta hupo ofisini, akuandike mtoro. Adhabu yako unaijua, fagio lipo.

Makamu wako hatapewa maji tangu alfajiri, kwa ushauri wake mwenyewe. Nimefikiria tena, nikaona apewe lita mbili, halafu aongoze kikao cha wazazi cha saa nne bila ruhusa ya kutoka. Mwalimu wa darasa atapeana mkono na kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuvunja kokoto, na sisi wote tutapiga makofi. Na kwa kuwa mchezo huu hauendi bila kiranja, nimejiteua. Beji nimeshaidarizi.

Wazo hili niliwatajia wazazi waliokuja kuchukua sare, nikidhani watanicheka. Kumi na mmoja wakajiandikisha palepale. Bibi mmoja, ambaye mjukuu wake alirushiwa viatu juu ya paa akarudi nyumbani peku, ameomba afikiriwe kwa viatu vya makamu. Sikujua tuko wengi kiasi hicho. Kila mmoja alidhani ni mtoto wake tu, akanyamaza kwa aibu.

Tena, kwa vile ulisema mambo haya ndiyo yaliyokufanya ukawa mtu, hatuoni sababu ya kuishia Jumatatu. Yaingizwe kwenye ratiba. Yatungiwe mtihani. Mwalimu atakayetoka chooni akilia, arudie darasa. Na siku ya mahafali Afisa Elimu mwenyewe afungiwe mbele ya wageni, ili hata huko juu tupate watu.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Nisalimie walimu wote, mlinzi, na hasa mama wa usafi, ambaye katika shule nzima ndiye pekee aliyewahi kufungua mlango. Nyumbani kwako pia wasalimu, na mwambie mkeo gauni lake liko tayari.

Mwenzako katika michezo,
Fundi wa mkabala na geti, Mama Chiriku

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Chiriku anisahihishie maandishi, maana ananizidi. Akarekebisha maneno matatu, akafika pale kwenye Jumatatu kipindi cha pili, nikasubiri acheke. Hakucheka. Akasema, "Mama, usimfungie. Mule ndani ukikaa sana unaanza kudhani wamekusahau." Nikamuuliza, sasa wewe unataka nini? Mwalimu, mwezi mzima nimezunguka kwa daktari, kwako, kwa makamu na kwa wazazi wenzangu, na swali hilo ndiyo kwanza leo namuuliza mwenyewe. Ameongea mpaka pasi ikaunguza shati la mteja. Hataki mtu yeyote afungiwe, hata yule dada mkubwa. Anataka makomeo ya nje yatolewe, na anataka akueleze kwa mdomo wake, mimi nikiwa nimekaa kando yake kimya. Kwa hiyo ombi lote la hapo juu nalifuta. Kesho saa moja na nusu asubuhi tutakuwa ofisini kwako, na wale kumi na mmoja watakuwa nje na watoto wao, wakisubiri zamu. Atakayeongea ni yeye. Mimi nitakuja na bisibisi.