Kadi ya Dakika Sitini na Salamu kwa Namba

Jumatatu, 6 Mei

Nimenunua kadi ya simu. Dakika sitini za kupiga ng'ambo, kwa pesa ambayo kwa simu ya kawaida ingenipa dakika nane tu! Muuza duka kanihakikishia mara tatu. Unakwangua, unapiga namba ya huduma, unaingiza tarakimu kumi na mbili, kisha namba ya unayemtaka. Hata mtoto mdogo anaweza, kasema.

Mtoto mdogo hana kisu cha kuchongea mihuri. Nimekwangua kwa kisu changu cha kazi na tarakimu ya mwisho imeondoka pamoja na rangi. Nikaanza kubahatisha. Sifuri, moja, mbili... Nane ndiyo ilikuwa yenyewe. Mama wa Mashine, yule anayeongea kwenye simu, hakukasirika hata kidogo. Kila mara alinieleza kwamba nimekosea, tena kwa upole ambao sijausikia nyumbani kwangu tangu nioe.

Sababu ya kadi: binti yetu yuko ng'ambo na mumewe na anatarajia kujifungua wiki hii. Mjukuu wa kwanza! Mke wangu hataki kitu kingine ila kuisikia sauti ya mwanawe siku hiyo. Shemeji, kaka yake, alishamwambia akapige kwake, kwenye simu yake mpya. Nimekataa. Shemeji akikusaidia leo, atakutangaza kwenye harusi tatu zijazo. Nimemwahidi mke wangu kadi moja, nusu saa nzima, sauti kama yuko chumbani.

Jioni tukaijaribu kidogo. Mimi nikasalimia. Mke wangu akasalimia. Kisha akapewa Bibi, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Bibi kauliza hali ya binti, ya mumewe, ya wazazi wa mumewe, ya magoti ya baba wa mumewe, ya jirani wa ghorofa ya juu, ya jirani wa chini na ya mbwa wa jirani wa chini. Binti naye akajibu yote na kuuliza yake. Dakika ishirini na saba zimekwenda kwenye kadi!

Habari tulizopata: hajambo.

Jumanne, 7 Mei

Kikao baada ya chai. Nimetangaza kwamba salamu kwenye simu zimefutwa. Bibi kaniuliza kama nina homa.

Nikawatuliza. Hakuna atakayenyimwa salamu yake. Zitakwenda kwa barua! Nimeziandika zote na kuzipa namba. Namba moja ni shikamoo, mbili marahaba, nne habari za nyumbani, tisa poleni na baridi, kumi na nne magoti. Thelathini ni wasalimie wote. Binti akiwa na orodha yake na sisi tukiwa na yetu, tutakuwa tunatajiana namba tu, tunamaliza salamu zote kwa sekunde kumi. Sijui kwa nini hakuna aliyelifikiria jambo hili kabla yangu. Nimechonga na muhuri, IMESALIMIWA, nikagonga kila ukurasa. Saa nne barua ilikuwa posta.

Kurudi, nakuta Bibi yuko kwenye simu! Jana alimsahau mwenye nyumba wao. Tarakimu zote kumi na mbili anazo kichwani. Mwanamke huyu kila siku hajui alipoweka miwani yake! Dakika tisa zimekwenda.

Nimechomoa waya ukutani, nikaifungia simu kabatini. Ufunguo nimeuvaa shingoni. Mke wangu kauliza, je, binti akipiga yeye? Nimemjibu kwamba binti hajawahi kupiga, kupiga kutoka kule ni ghali, na akili kairithi kwangu.

Jumatano, 8 Mei

Leo nimeutumia utaratibu mpya. Simu nimeitoa, nimeichomeka, nimepiga. Binti kapokea, kaanza shikamoo. Nikamkatiza. Nikasema: mbili, nne, tisa, Bibi yako kumi na nne, mama yako thelathini, haya, umejifungua? Akasema, baba? Nikarudia namba, polepole, kwa ajili ya laini. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu kafariki. Nikamwambia asipoteze dakika. Nikakata.

Sekunde arobaini! Nilijipongeza hadharani.

Bibi akauliza kama barua imeshafika. Nikamwambia niliituma jana. Akauliza tena, taratibu, kama imeshafika.

Wiki mbili. Barua huchukua wiki mbili.

Lakini si kosa la utaratibu. Utaratibu ni mzuri. Nikapiga kuuliza zimebaki dakika ngapi. Kumi na tisa! Kumbe kila wakikuunganisha wanakata dakika nne za kuunganishwa. Imeandikwa nyuma ya kadi, kwa herufi ambazo hata mimi mchonga mihuri nimezisoma kwa kioo cha kukuzia. Mama wa Mashine hakuwahi kulitaja. Nimemwondolea heshima kimyakimya.

Kabla ya kuingia chumbani mke wangu kaniambia jambo moja tu. Kwetu baba akipiga simu bila kuitikia salamu, ni msiba. Mtoto mwenye mimba ya siku zake kalala leo akidhani kuna msiba.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepiga asubuhi nimwombe radhi. Hakuna mtu. Imepokea mashine yao. Dakika tano zimekwenda nikiisikiliza sauti ya mkwe wangu ikinishukuru kwa kupiga. Nimepiga jioni. Mashine tena. Nikaifungia simu kabatini kama kawaida, dakika zimebaki tisa.

Wako wapi? Nimesema pengine wametoka kununua nguo za mtoto. Bibi kasema pengine. Mke wangu alikuwa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Ijumaa, 10 Mei

Dukani kadi zimekwisha. Mzigo unakuja Jumatatu. Nilimwambia muuza duka mambo mazito. Akanitolea kadi za kupigia nchi ambazo sina mtu.

Kazini nimechonga muhuri wa shule nikasahau kugeuza herufi. Miaka ishirini na miwili naandika kinyumenyume, leo nimeandika sawasawa! Nilipougonga, shule ikasomeka kinyume, na mwalimu mkuu pamoja nayo. Mwenye kuja kuuchukua aliutazama, akanitazama, akaniambia nipumzike.

Mke wangu anataka kwenda kwa shemeji. Nikamwomba tusubiri kesho tu, bado nina dakika tisa. Ni kiburi, najua. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Kama nimemshtua mwanangu akapatwa na jambo, kwa ajili ya dakika za kadi, sitajua pa kuuweka uso wangu. Ni mimi niliyemfundisha shikamoo. Alikuwa na miaka miwili, aliisema huku akinishika goti.

Jumamosi, 11 Mei

Lazima niandike kwa mpangilio.

Saa kumi jioni tumekaa watatu kuizunguka simu. Nikachomeka. Nikapiga. Mama wa Mashine akasema nina dakika tisa, nikatoa nne zake kichwani, nikabaki na tano. Ikaita. Ikapokewa! Mkwe wangu mwenyewe!

Sasa, mkwe wangu ni kijana wa adabu. Nilimkubali kwa sababu ya adabu. Akasema shikamoo baba. Marahaba, nikasema, vipi mke— Akauliza habari za nyumbani. Nzuri, je, mke wako— Habari za kazi? Nzuri, mwanangu, naomba— Mama hajambo? Bibi je, miguu yake? Nilijaribu kumkatiza nikakumbuka Jumatano, ulimi ukagoma. Mtu aliyemnyima binti yangu salamu ni mimi, sasa nitamnyimaje na mumewe? Akauliza paa la karakana kama bado linavuja. Linavuja! Akauliza kuku wa Bibi. Wazima! Mama wa Mashine akaingia katikati, kwa sauti yake ileile tamu, kutuarifu kwamba imebaki dakika moja. Mkwe akamsalimia na yeye. Halafu, akasema, basi baba, sisi huku tunamshukuru Mungu, jana—

Ikakatika.

Nilipiga kelele. Nikaanza kutafuta viatu niende kwa shemeji, nikapige magoti mbele ya simu yake, atangaze kwenye harusi zote anazotaka. Kiatu kimoja sikukiona. Mke wangu kafunika uso.

Bibi peke yake kakaa palepale. Akaniambia nikae. Akauliza, ameuliza kuku? Nikasema ndiyo, kauliza kuku! Akauliza, kwa jina? Nikafikiri. Ndiyo, yule mwekundu kamwuliza kwa jina. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema mtu mwenye mke mgonjwa haulizi kuku. Mwenye msiba haulizi paa. Kijana anayesalimia dakika tano nzima bila haraka ana furaha mpaka hajui aanzie wapi. Akamwambia mke wangu afute machozi, ameshapata mjukuu.

Sikuthubutu kuamini. Kwa mazoea mkono wangu ukaenda kwenye waya kuuchomoa. Mke wangu akanidaka kifundo cha mkono. Sijui nguvu ile kaitoa wapi. Na simu ikalia! Ikalia mikononi mwetu, mimi nimeshika waya na yeye kanishika mimi.

Binti. Shikamoo baba. Nikasema marahaba. Nikasema marahaba tena. Nadhani nilisema mara nne. Amejifungua jana asubuhi, mtoto wa kike, wote wazima. Uchungu ulimwanza Jumatano usiku, na si kwa sababu yangu, kasema daktari. Amecheka aliposema hivyo. Mkwe amekuwa akitupigia tangu Alhamisi, simu inaita tu haipokewi. Walishaanza kutuhofia sisi!

Nikauangalia ufunguo shingoni. Mke wangu naye akauangalia.

Kaongea na mwanawe saa moja na robo. Huko wana huduma yao ya kulipia kabla, kupiga kwetu ni karibu na bure. Tumemsikia mtoto analia. Bibi alimsalimia kila mtu, na mbwa. Mimi nilikaa sakafuni na kiatu kimoja mguuni. Sijawahi kusikiliza salamu ndefu kiasi kile nikatamani ziendelee.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji kaja kutupongeza. Alishasikia kila kitu, mpaka kiatu. Akasema atakisimulia kwenye harusi ya mwezi ujao. Nimemkaribisha chai. Leo hata shemeji namwona mtu mzuri.

Ufunguo nimempa mke wangu. Simu iko mezani, waya ukutani. Nimeapa.

Jumanne, 21 Mei

Barua imefika! Binti kapiga kuuliza orodha hii ya namba thelathini ni ya nini. Nimemweleza yote. Amecheka sana, lakini kasema ataibandika ukutani.

Ataibandika ukutani! Basi kilichokosekana kilikuwa barua tu. Utaratibu wenyewe haukuwahi kuwa na kasoro, niliusema tangu mwanzo. Nimekwenda dukani mbio, mzigo wa kadi umeingia, nimechukua nane kwa punguzo. Zote lazima zitumike kabla ya Jumapili. Bibi tayari kazishika tarakimu za tatu, kwa hiyo nimemwomba mke wangu ufunguo kwa siku chache tu. Kanijibu kwamba ameupoteza. Nimechonga kufuli la mbao.

Mjukuu hakuwemo kwenye orodha, nimempa namba thelathini na moja. Nimeitamka peke yangu karakanani, mara kadhaa, nikaigongea na muhuri wake. Nikipiga kesho nitaitaja hiyo tu, kisha nakata.