Alizeti Zilizoipa Kamati Kisogo

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka wizarani. Kamati ya fedha za utafiti inakuja Alhamisi alasiri kukagua shamba la alizeti la chuo. Ikiridhika, tutapata fungu la kuzalisha mbegu zenye mafuta mengi, na mashine za kukamua za mkoa mzima zitaamka. Isiporidhika, shamba litageuzwa maegesho ya magari. Mkuu wa mradi nani? Mimi! Kweli mimi ni mchumi, na alizeti nazijua zaidi kwenye grafu. Lakini nahodha hapigi makasia.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Alizeti hufuata jua. Alasiri jua liko magharibi. Basi hema la wageni liwe magharibi, shamba zima liwatazame kama gwaride! Mama Nyuki, mwenzangu wa idara ya wadudu, kanishauri niende kwanza shambani. Wivu. Anataka fungu liende kwenye mizinga yake, eti bila nyuki tutavuna maganda matupu.

Jumatano, 5 Machi

Hema limesimama. Mke wangu kauliza kama hizo alizeti nimeshaziona. Nikamjibu nimeziona maisha yangu yote.

"Kwenye chupa ya mafuta, baba watoto," akasema.

Nimekwenda kupiga pasi suti.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Wageni wameketi, nimekunjua mikono, nimegeuka. Visogo! Shamba zima, visogo vitupu. Mama Nyuki kaninong'oneza kwamba changa ndizo huzunguka. Zikishachanua hutulia zikitazama mashariki, kama wazee wa idara yetu.

Mwenyekiti wa kamati, mama mkavu, akauliza, "Profesa, zimekununia?"

Akainuka kuzunguka upande wa pili, kamati nyuma yake. Huko nyuki walikuwa kazini. Mama Nyuki akawakatia vichwa viwili vilivyowahi kukomaa: cha karibu na mizinga yake pembeni mwa shamba, mbegu nono; cha mbali, maganda. Walibaki huko mpaka chai ikapoa. Hotuba nimevisomea viti.

Ijumaa, 7 Machi

Fungu limetoka! Utafiti wa mbegu na nyuki pamoja, mkuu wake Mama Nyuki. Mimi naibu, mwenye dhamana ya mahema. Chuo kizima kinampongeza yeye. Hawajui kwamba bila hema langu kamati isingezunguka. Wakulima watapata mbegu, na chanzo ni mimi! Nimejipongeza kwa soda.

Mwakani watarudi kukagua. Nimeshauliza bei ya taa za uwanja wa mpira. Nikiziwasha upande wa magharibi, alizeti zote zitageuka. Mama Nyuki simwambii. Ana wivu.