Kitabu cha Picha na Chenji ya Dukani Kwangu

Rumonge, Ijumaa

Kwako Madame Direktrisi, Mwalimu Salima,

Amahoro. Natumaini wewe na watoto wako wa chekechea hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili tu. Ni mimi Amissi, mwenye duka linalotazama lango la shule yako. Naandika kwa heshima zote kukuomba ukifungie kabatini kile kitabu cha picha, hadithi ya msichana aliyetumwa chumvi akahesabu chenji.

1. Mwenye duka aliyechorwa humo ana kitambi na kofia kama yangu. Hilo nimelisamehe.

2. Kwa miaka kumi na miwili, franga mia ya chenji ikikosekana nampa mteja pipi, bonbon moja, naye anashukuru. Sasa watoto wa miaka mitano wananihesabia kwa vidole mbele ya watu! Elimu gani hiyo, ya kumchungulia mtu mzima mikononi?

3. Jumatatu Shadia, mtoto wa jirani yangu na mwanafunzi wako, alikuja na bonbon ishirini na tano ndani ya leso, zote za dukani kwangu, akataka sabuni ya elfu mbili na mia tano. Nikamweleza kwa upole kwamba bonbon si pesa. Akaniuliza, duka limejaa: "Baba Amissi, wakati unanipa ilikuwa franga mia. Imekuwa bonbon saa ngapi?" Watu walicheka hadi machozi. Niliona aibu, Madame, na sabuni nikaitoa.

4. Tangu hapo wanawake wanaouza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hawaji dukani bila mtoto, utadhani wanakwenda kortini na wakili. Mauzo yamepungua nusu. Wakimaliza kwangu watamhesabia mtoza ushuru, kisha wakubwa wa ofisini, na hapo nchi itaendeshwaje?

Kwani hadithi za sungura zimeisha? Sungura hana mfuko, hadai chenji, na hajawahi kufunga duka la mtu.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, na wazazi wote isipokuwa mama Shadia. Murakoze.

Wako, mwenye kudhulumiwa na watoto,
Amissi

N.B. Jana Shadia alikuwa hapa akinunua chumvi wakati muuza mawese wa Kizuka ananirudishia chenji yangu. Akaihesabu bila kuombwa. Ilipungua elfu nane. Mtu huyo ananiletea madumu mawili, bidon mbili za mawese, kila Alhamisi tangu nifungue duka. Nimejaribu kupiga hesabu ya miaka yote hiyo, imenishinda. Naomba uniazime kitabu, na Alhamisi ijayo umruhusu Shadia achelewe darasani.