Baba wa Bibi Harusi Hanuki

Clayton, Melbourne
Jumatano

Kwa Bi. Lorraine Haddow,
Msimamizi wa Viti, Harusi ya Bronwyn.

Shemeji mpendwa,

YAH: KUPELEKWA KWANGU KANDO YA MITUNGI YA GESI

Natumaini goti lako linaendelea vizuri. Nimepokea mpango wa viti vya Jumamosi, nikadhani nimeushika juu chini. Mimi, baba mzazi, niko nje ya ukumbi, nyuma ya jiko la soseji, na atakayemsindikiza Bronwyn madhabahuni ni mjomba wake Clive. Sababu uliyoandika pembeni ni neno moja: "Harufu." Kwa heshima zote, napinga:

1. Harufu si yangu, ni ya kazi. Maabarani tunatengeneza plastiki ya lenzi za macho kwa kuunga chembe moja moja ziwe minyororo. Ili minyororo ilingane urefu, kila mmoja hukua ukiwa na kidhibiti cha salfa nchani, chenye rangi ya waridi. Ukishakua, mimi ndiye ninayekikata, maana mteja hataki waridi jichoni. Inayobaki nchani ni salfa iliyo wazi, inayonuka kama kabichi iliyosahauliwa ndani ya gari. Nakiri. Lakini inanuka huko huko kazini.

2. Ncha iliyokatwa haiachwi hivyo. Huzibwa mara moja kwa kitu kingine, na harufu inakwisha. Nami kila jioni naoga, nabadili shati, na dada yako Maureen hunipulizia marashi kuanzia getini. Kwa hiyo nimezibwa.

3. Kama kosa ni harufu, Clive anafuga kondoo. Nilipomkumbusha, akanijibu, "Graeme bwana, kondoo ananuka kondoo. Wewe unanuka kitu ambacho bado hakijajulikana." Huyo ndiye wa kukabidhiwa mwanangu?

4. Mbaya zaidi, umeniweka meza moja na Darryl, mwenzangu wa maabara. Hii ni hatari, shemeji. Ncha mbili za salfa zilizoachwa wazi hushikana, mnyororo ukawa mrefu maradufu, na kazi yote ikaharibika. Mimi na Darryl karibu na pipa la bia tutashikana mabega na kuimba wimbo wa timu yetu mpaka keki ikatwe. Tutenganishe, kila mmoja azibwe kwa mgeni mstaarabu. Mimi nizibwe na Shangazi Joan, ambaye pua yake ilistaafu zamani.

5. Ikishindikana, wageni wote wapite maabara Ijumaa wakae kidogo. Tukinuka wote, hakuna anayenuka.

Nina binti mmoja tu, Lorraine. Hatua yake ya kwanza aliipiga akija kwangu. Hizi za Jumamosi ni za kuondoka, nami nataka niwe ubavuni mwake.

Msalimie Geoff, watoto, na jirani yenu mwenye tarumbeta.

Shemeji yako mtiifu, aliyeoga,
Graeme Tulloch

N.B. Bronwyn amepita sasa hivi, akaisoma barua hii akiwa kibarazani. Kuingia alikataa. Akasema, "Baba, acha kumsumbua mama mdogo. Unanuka! Ulinuka hata siku uliyonipeleka shule mara ya kwanza, na mkono sikuuachia. Jumamosi mkono mmoja nakushika wewe, mwingine nashika maua puani. Clive nimeshamwambia."

Basi futa hoja zote tano. Ila shada la maua, shemeji, lisiwe dogo. Jaza majani ya mikaratusi, yale yenye harufu kali.